Biye ya Kurudi Siku Yoyote

Ukienda kwa Candide kusogeza tarehe ya safari ya mzazi wako, jiandae kukasirika. Atakuuliza mzazi mwenyewe yuko wapi. Ukisema yuko Nairobi, au Kampala, au Ulaya, atakuambia umpigie simu pale pale mbele yake, naye asipomsikia huyo mzazi kwa masikio yake hatagusa kompyuta. Wateja wanachukia. Juzi kijana mmoja wa Luberizi alimfokea mpaka nikasimamisha cherehani ili nisikie vizuri. "Minye njo nililipa ile biye!" alisema. Biye ndivyo tunavyoiita tikiti ya ndege hapa Uvira. Candide akamjibu bila kupandisha sauti kwamba aliyelipa siye anayesafiri. Kijana akaondoka akisema hii ajansi ya tikiti ina kichaa.

Haina kichaa. Mimi nashona nguo mlango wa pili, hapa Kimanga, na kati yangu na Candide kuna ukuta wa mbao ambao hauzuii hata chafya. Mengi niliyasikia mwenyewe bila kutega sikio, na yale ambayo ukuta ulinificha alikuja kunisimulia yeye, ameketi kwenye benchi langu, akichezea vipande vya vitambaa. Ndiyo maana watu wakimsema vibaya nachemka.

Candide ni kitinda mimba wa mzee Ciza, mvuvi wa Kalundu, na mama yake tunamwita Mama Toussaint kwa jina la mtoto wa kwanza. Toussaint yuko Kanada. Candide hakuolewa, watu walimtania kwamba anangoja mume ashuke kwa ndege, naye alicheka pamoja nao. Ofisi yake ni meza moja, kompyuta moja, viti viwili vya wateja, betri ya sola chini ya meza, na picha ya ndege ukutani iliyopauka mpaka mbingu imekuwa ya rangi ya maziwa. Ndege zenyewe hazitui kwetu. Unavuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira, unapita Gatumba, unapanda Bujumbura. Kwa hiyo mtu wa Uvira akitaka ndege, kwanza anamtafuta mtu anayejua kusema nayo, na mtu huyo alikuwa Candide.

Sifa yake ilikuwa jambo moja: kupandisha. Kiti kile kile cha ndege kina bei nyingi. Ukichukua ya chini kabisa umefungwa. Ukitaka kusogeza siku unalipa faini, penalite, na penalite nyingine zinauma kuliko tikiti yenyewe. Watu wetu ndio wanaonunua ile ya chini, na ndio ambao siku zao hazitulii: viza imechelewa, mpaka umefungwa, mtu amekufa nyumbani. Candide aligundua kwamba ziko kampuni zinazomwachia msafiri penalite ikiwa anahama kutoka bei ya chini kwenda ya juu. Anaongeza tofauti tu, na tangu hapo anasogeza siku yake bure, mbele na nyuma, kadiri anavyotaka. "Usilipe penalite, panda," ndilo neno lake, na nimelisikia mara nyingi kupita wimbo wowote. Wafanyabiashara wa vitenge walimpenda kwa ajili ya neno hilo. Hata mimi nilikuwa nikijisifu kwamba ni jirani yangu.

Kisha mzee Ciza akafa.

Ilikuwa homa fupi, ya wiki isiyotimia. Toussaint hakuweza kuja kuzika kwa sababu karatasi zake za huko zilikuwa hazijakamilika. Aliona maziko ya baba yake kwenye simu iliyoshikwa na Candide. Watu walipotawanyika, Mama Toussaint alishindwa kurudi kwenye kitanda chake. Akahamia kitanda cha binti yake. Na kila usiku alizungumza. Alisimulia namna Ciza alivyokuwa akikohoa kabla ya kutia mtumbwi majini, namna alivyokuwa akipenda samaki mukeke wa kuchoma na ndimu nyingi, namna walivyokutana sokoni Mulongwe, yeye mama akiwa na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani. Candide aliitikia "ndiyo, Mama" mpaka asubuhi. Mchana nilisikia paji la uso wake likigonga meza, tuu, halafu kimya, halafu mteja akigonga mlango.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo kosa lilipozaliwa. Candide alimpenda mama yake. Lakini baada ya miezi mitano ya namna hiyo, alichotaka duniani ni usingizi. Hakutaka mali, hakutaka mume, alitaka kulala.

Kwa hiyo Toussaint alipotarajia mtoto na kusema Mama aende Kanada kumsaidia mkewe Ornella, Candide alifurahi kupita kiasi. Toussaint alinunua ile bei ya chini, kwenda na kurudi, kukaa miezi miwili. Viza ilitoka. Zikabaki siku chache, kaka akapiga simu tena. Nilisikia sauti yake kwenye spika.

"Candide, ile biye ya Mama, ipandishe. Tofauti nitatuma leo."

"Juu ya nini, kaka? Iko sawa vile iko."

"Pengine atapenda kukaa kidogo."

Candide alijua "kidogo" ya kaka yake. Ni huyu huyu aliyeondoka kwenda kusoma Bujumbura kidogo. Alijua kwamba tikiti ya bei ya juu, inayosogezwa bure, itasogezwa. Akaipandisha. Kampuni haikudai penalite, tofauti ikalipwa, na kazi yote ikaisha kabla chai yake haijapoa.

Alasiri ile Mama Toussaint alikuja ofisini na nguo yake ya huzuni, ya buluu iliyokolea, akaketi kwenye kiti cha wateja. Candide akamweleza kwa furaha, kama anavyowaeleza wote.

"Mama, tulikupandisha. Ile ya kwanza ilikuwa ya kufungwa. Na hii biye, utarudi siku yoyote ile utapenda."

"Siku yoyote?"

"Siku yoyote ile utapenda."

"Hata nikifika, kesho yake nipende kurudi?"

"Hata kesho yake, Mama. Hawatakuomba kitu."

Mama Toussaint akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu maziko, na nilikisikia kupitia mbao. Yote aliyoambiwa yalikuwa kweli, neno kwa neno. Candide anasema hilo ndilo linalomchoma zaidi, kwamba hata uongo hakulazimika kusema, siku ile.

Kabla ya kusafiri mama alipita kwangu pamoja na wifi yake, Shangazi Honorine, dada wa marehemu. Shangazi alileta kitenge kipya cha manjano chenye maua makubwa. Hiyo ni nguo ya kutosha kilio, yaani kuondoa msiba. Mwaka ukitimia tangu kifo, ukoo unakutana kumaliza matanga. Dada za marehemu wanamvua mjane ile nguo ya huzuni, wanaipeleka ziwani, naye anavaa mpya na kurudi kuwa mtu wa kawaida, anayeweza kucheza harusini na kucheka hadharani. Asipokuwepo mwenyewe, haliwezekani. Hakuna wa kumwakilisha.

Na kwa wavuvi kuna jambo la ziada. Ndagala wanavuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi inapanda mchangani na wanaume wanashona nyavu. Ndiyo maana kilio cha mvuvi kinatoshwa mwezi ukiwa mkubwa, wenzake wote wakiwa nchi kavu. Ukikosa mwezi ule umewakosa wavuvi, na kilio cha mvuvi bila wavuvi kwetu ni aibu.

"Fundi, ushone taratibu," Mama Toussaint aliniambia nikimpima kifua. "Nitarudi mbele ya mwezi ya baba yao," yaani kabla haujawa mkubwa.

Kanisa zima lilimsindikiza mpaka Kavimvira kwa nyimbo. Alikuwa na sanduku lenye ndagala waliokaushwa, wamefungwa plastiki juu ya plastiki ili wazungu wasisikie harufu. Candide alivuka naye mpaka kiwanja cha ndege, akarudi jioni, akalala. Alilala kuanzia jioni ile mpaka kesho yake saa sita mchana, na ofisi ikabaki imefungwa. Wiki ile nzima alikuwa na uso laini. Nilimtania kwamba ameolewa kwa siri.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Miezi miwili ikaelekea kwisha, Toussaint akapiga simu: mtoto ana sindano za chanjo, Ornella bado dhaifu, asogeze mbele. Candide akasogeza. Nani mwingine angesogeza? Tikiti ilikuwa mikononi mwake. Hakumpigia mama kumuuliza. Alijiambia Toussaint ameshazungumza naye.

Siku chache baadaye Mama Toussaint alipiga Watsapu kuulizia avio, yaani ndege. Kwao ilikuwa asubuhi, kwetu alasiri.

"Mutoto wangu, kaka yako anasema wale watu ya avio walisogeza safari yangu. Eti avio imejaa."

Nilingoja upande wangu na sindano mkononi.

"Weye uko unafanya nabo kazi," mama akaendelea. "Uwaulize juu ya nini wananikatalia."

Alikuwa na nafasi hapo. Angesema: Mama, hakuna aliyekukatalia, ni sisi. Lakini alifikiria kaka yake atakavyoonekana, na alifikiria kitanda chake kipana, kimya, chenye shuka safi.

"Nitawauliza, Mama," akasema.

Alikuja kwangu baada ya hapo akaketi kwenye benchi. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, ilining'inia ile nguo ya manjano ambayo nilikuwa nimekwisha kuikata na kuipiga pasi. Akaitazama mara moja, akahamia upande wa pili. Tangu siku ile hakuketi tena upande ule wa benchi.

Sitaki mumwone Toussaint kuwa mtu mbaya. Mtu ambaye hakumzika baba yake anabaki na kitu kooni. Kumkuta mama yake jikoni asubuhi, akisonga bugali na kunung'unika kwamba samaki wa Kanada hawana ladha, hayo ndiyo yalikuwa matanga yake. Alikuwa hashibi. Lakini alikuwa akimla mama yake kipande kwa kipande, na dada yake ndiye aliyekuwa akishika kisu.

Mara ya pili sababu ilikuwa kazi ya Ornella. Candide akasogeza. Mama akapiga.

"Uliwauliza?"

"Niliwauliza, Mama. Wanasema ungoje."

Mama alilirudia neno hilo la mwisho, taratibu.

"Sawa," akasema. "Kama wanasema ningoje, nitangoja. Jana niliona mwezi hapa ku dirisha. Iko mudogo bado, kama ukucha. Ikikuwa mukubwa mara mbili, baba yenu amemaliza mwaka. Uwaambie ile, watu ya avio."

Binti wa mvuvi, aliyekulia Kalundu, alikuwa amesogeza tarehe mara mbili kwenye kompyuta, ya pili ikauruka mwezi wa kilio, bila kutazama juu hata mara moja. Mama yake aliye ng'ambo ya bahari, kwenye ghorofa ya saba, ndiye aliyekuwa akimhesabia. Candide aliona haya mpaka masikio yakawa moto. Usingizi nao ulianza kumkimbia. Kitanda kilikuwa chake peke yake na bado alikesha. Aliniambia kwamba kimya kile sasa kilikuwa kinamsemesha kuliko mama yake alivyowahi kuzungumza.

Ikaja simu ya tatu ya Toussaint. Mama ana mtoto wa jicho, daktari amempa miadi, basi tikiti isogezwe mpaka mwisho wa mwaka.

"Na kilio ya Baba?" Candide aliuliza.

"Tutafanya ibada huku. Mungu iko pahali pote, Candide. Ile mambo ya nguo na ziwa ni ya zamani."

"Mama alikubali?"

"Mama anakubali kila kitu. Sogeza tu."

Candide akasema atasogeza. Hakusogeza siku ile, na hakukataa pia. Aliiacha hivyo, kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua.

Shangazi Honorine akaja. Ni mama mzee mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza ndagala sokoni, hahitaji ukuta wa mbao ili asikike. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka beseni lake tupu miguuni.

"Candide, wavuvi wananiuliza. Mwezi iko karibu. Muke wa ndugu yangu anafika lini?"

Candide akafungua mdomo kusema kweli. Uongo ukatoka wenyewe, ulishazoea njia.

"Shangazi, watu ya avio bado. Wanasema hakuna nafasi."

"Hakuna nafasi ya mujane mumoja? Avio mukubwa vile?"

"Njo vile wanasema."

Shangazi aliamini. Angeamini vipi vinginevyo? Ni mtoto wa ndugu yake, ndiye ajuaye mambo ya ndege. Akachukua beseni lake akaenda moja kwa moja kwa mchungaji Marcellin.

Jumapili ile nilikuwepo kanisani, na nitakumbuka mpaka nife. Mchungaji alisimama akasema kuna dada yetu mjane ambaye kampuni ya ndege imemfungia mlango, mwaka wa mumewe unatimia, na sisi hatuna silaha ila maombi. Akatangaza siku tatu za kufunga. Halafu kanisa zima likasimama kuomba. Mama mmoja nyuma yangu alilia, "Bwana, vunja kiburi ya hii avio!" Mzee mmoja aliomba Mungu awape marubani ndoto mbaya. Kwaya ikaimba. Mbele yetu, kwenye benchi la tatu, Candide alikuwa amesimama na mikono imeinuliwa kama wengine, kwa sababu angefanya nini, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Watu wakamgusa mgongoni kumfariji. Walidhani ni uchungu wa mama.

Mimi nilikuwa najua. Ukuta ule wa mbao ulikuwa umenifanya nijue, na nilisimama pale nikiimba, siwezi kumtazama mtu usoni. Lakini siri haikuwa yangu kuifungua.

Siku ya pili ya mfungo Candide alimkuta Shangazi Honorine njiani, karibu na daraja la Mulongwe, beseni kichwani limejaa. Midomo ya mama yule ilikuwa imekauka na imepasuka. Candide alinunua andazi akampa. Shangazi akasukuma mkono wake taratibu.

"Apana, mutoto wangu. Tutakula akirudi. Weye kula, weye uko na kazi ya kubishana nabo."

Candide alikula lile andazi? Hapana. Alikuja nalo mpaka ofisini, akaliweka juu ya meza, akawasha kompyuta. Nilisikia vidole vyake. Alichukua tarehe iliyo siku chache kabla ya mwezi kuwa mkubwa. Nafasi zilikuwepo. Zilikuwa zimekuwepo siku zote. Kampuni haikuuliza kitu, haikudai kitu, iliandika tu kwamba safari imebadilishwa na ikamtakia abiria safari njema. Akaweka kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, na sikwenda kubisha hodi, kwa sababu kuna kilio kinachotaka kuachwa.

Akampigia mama yake. Na hapo, sikilizeni, hapo pia alishindwa.

"Mama, watu ya avio wamekubali. Utarudi mbele ya mwezi."

"Wamekubali?"

"Ndiyo, Mama."

"Uwaambie asante," akasema mama. "Uwaambie asante sana."

Toussaint alipiga saa hiyo hiyo, na sauti yake ilipasua spika.

"Unamurudisha Mama bila kuniuliza!"

"Na minye nilimuzuia bila kumuuliza," Candide akajibu. "Kaka, ile macho watamupasua hata Bukavu. Kama unapenda kulilia Baba, kuja ku kilio." Akakata simu. Toussaint hakuja, lakini nasikia ndiye aliyembebea mama sanduku mpaka mlango wa mwisho wa kiwanja cha ndege, na kwamba hapo alilia mbele ya watu kama mtoto mdogo.

Tulimpokea Kavimvira kwa ngoma. Mama Toussaint alivuka na nguo yake ile ya buluu, amenenepa kidogo mashavuni, ameshika picha ya mjukuu. Mchungaji Marcellin akatoa ushuhuda pale pale barabarani, kwamba Bwana amelainisha moyo wa kampuni. Kisha akamvuta Candide mbele. "Na huyu binti, hakuchoka kubishana nao!" Watu wakapiga vigelegele. Shangazi Honorine akamkumbatia. Nilimwona Candide usoni. Mtu aliyeshikwa akiiba angekuwa na uso wa afadhali.

Siku ya kutosha kilio ilianza kwa kupika asubuhi nzima. Alasiri tulikuwa wote ufukweni Kalundu, mitumbwi imepanda mchangani, wavuvi wamevaa mashati safi. Mimi nilileta viti vya plastiki vya kanisa na ile nguo ya manjano, ambayo ilibidi niilegeze mishono kwa ajili ya ule unene wa Kanada. Dada za marehemu walimfungua Mama Toussaint nguo ya buluu juu ya ile ya ndani, wakaikunja. Kabla ya kuipeleka majini kuna swali ambalo lazima liulizwe. Mwenye neno na nyumba hii, la deni au la kosa, alitoe sasa. Nguo ikishakwenda na maji, halitolewi tena milele.

Shangazi Honorine akauliza kwa ile sauti yake ya sokoni. "Nani iko na neno?"

Mvuvi mmoja akasema marehemu alimwachia nyavu, atazirudisha. Mwingine akaomba radhi kwa ugomvi wa zamani. Maji yalikuwa yakigonga mchanga mbele ya mitumbwi.

Candide akasimama. Niliona mdomo wake ukitafuta neno la kwanza, na nikaona watu wakitabasamu, wakidhani anataka kushukuru.

"Minye niko na neno," akasema. "Na Mama."

"Kaa, mutoto wangu," akasema Mama Toussaint.

"Mama, niache niseme."

"Nimesema ukae. Ile neno niko nayo, nimeshayisikia." Akamgeukia wifi yake. "Honorine, peleka nguo."

Nguo ikaenda. Wanawake waliingia nayo mpaka magotini wakaiachia, ikaelea kidogo, ikazama. Mama Toussaint akavaa ya manjano, vigelegele vikapigwa, na tukala mukeke mpaka vidole vikanuka. Alicheza. Alicheza na kila mvuvi aliyesimama.

Jua lilipokuwa likishuka nilianza kupanga viti vyangu. Candide akaja kunisaidia, kimya, macho mekundu. Mama yake akatufuata, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Hakujali kwamba nipo. Pengine alijua kwamba nimesikia kila kitu tangu mwanzo.

"Nani alikuambia, Mama?" Candide akauliza. "Kaka?"

"Weye."

"Minye?"

"Mu biro yako, pale ku kiti ya wateja. Ulisema, na hii biye, Mama, utarudi siku yoyote ile utapenda. Nilikuuliza mara mbili. Sikusahau. Wakati waliniambia watu ya avio wamekatala, nilijua hakuna muntu wa avio mwenye amekatala."

Candide alishika kiti kwa mikono miwili. "Sasa juu ya nini haukurudi? Ulikuwa unaweza. Siku yoyote. Juu ya nini uliomba minye niwaulize?"

Mama Toussaint alimfuta mchanga shavuni kwa kidole gumba, kama anavyofutwa mtoto.

"Nilikuwa nangojea weye upende nirudi," akasema.

Kisha akavaa viatu vyake, akachukua termosi ya chai iliyobaki, akapanda njia kwenda nyumbani na nguo yake ya manjano. Candide alibaki amesimama na kile kiti mikononi. Nilimwambia akiweke chini, nitakibeba mimi, lakini hakunisikia, na akakibeba hivyo mpaka Kimanga.